Joho Lililokatwa Mapema

Mimi nashona majoho. Wapo wanaoingia dukani na suruali iliyotatuka makalioni wananiambia, "Fundi, dakika mbili tu," nami huwaonyesha mlango. Suruali sishoni. Nashona majoho ya mahafali ya chuo kikuu kilicho ng'ambo ya barabara, na duka hili limekaa mbele ya geti lao tangu enzi za fundi aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu. Kwa hiyo nikiongea habari za chuo kile, naongea kwa haki. Nimewavisha wote, wenye akili na wasio nazo.

Joho jeusi halina maneno. Unalikata hata mwenyewe hujamjua: unapanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, unapitisha mkasi, umemaliza fungu zima. Jekundu ni la udaktari, na lina miiko yake. Halikatwi mpaka mwenyewe ametetea tasnifu yake, amefaulu, na amesimama mbele yako anapimwa. Marehemu fundi alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Si ushirikina. Alisema mtu akishajiona kwenye kioo ndani ya jekundu halafu akalikosa, hakuna fundi wa kumrekebisha. Tena ndani ya bitana, upande wa moyo, tunashonea kipande cha nguo ya mtu aliyemfikisha mwenyewe pale: tai ya baba, kitambaa cha kichwa cha bibi, shati la kazi la mume. Kwa nje hakionekani. Watu wananiletea wenyewe, na wengine wakishanikabidhi wanageuka kutazama barabarani ili nisiwaone macho.

Sasa dada yangu. Baba alipofariki, mama alikuwa anafua mashuka ya hospitali, na dada ndiye aliyebaki nyumbani kutulea. Yeye ndiye aliyenishika sikio akaniburuta mpaka kwenye duka hili nikajifunze kazi, nilipokuwa nadhani nimezaliwa kucheza mpira. Kila mmoja wetu aliposimama kwa miguu yake, ndipo na yeye akarudi kusoma, mtu mzima, akifundisha sekondari asubuhi na kukimbilia chuoni mchana. Alipata jeusi la uzamili, nikamshonea. Kisha akasema anaendelea na udaktari. Nikamuuliza udaktari wa nini. Akasema, wa nyasi.

"Nyasi?"

"Nyasi."

"Dada, nyasi hizi hizi wanazokula mbuzi?"

"Mbuzi wanazijua kuliko wewe."

Basi kuanzia siku hiyo nikamwita Dokta wa Mbuzi, na mke wangu naye akadakia. "Wifi, karibu chai, au tukukatie majani?" Dada alicheka hadi machozi. Lakini usimtanie akiwa anafanya kazi yake. Hapo alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa amepata porini nyasi ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuiandika, nyasi fupi, yenye vinywele vyekundu shingoni, na tasnifu yake nzima ilisimama juu ya nyasi hiyo. Aliwahi kunionyesha. Kusema kweli mimi niliona nyasi tu. Ila nilimtazama yeye anavyoishika, kwa ncha za vidole, nikameza utani wangu.

Sampuli zake alizihifadhi kwenye chumba cha mimea mikavu, pale chuoni, jengo la nyuma. Nilikwenda mara nyingi kumpelekea mwavuli au chakula alichosahau. Kabati za chuma za kijani zimepangwa ukutani, na ndani mimea imelazwa kwenye magazeti ya zamani, kila mmoja na kikaratasi chake kinachosema umetoka wapi na nani aliuchuma. Pembeni kulikuwa na friza kubwa inanguruma mchana kutwa. Hiyo friza ndiyo iliyokuwa roho ya chumba. Mmea wowote ukiletwa, kwanza unagandishwa humo ili wadudu na mayai yao wafe, ndipo uingie kabatini, na hata iliyomo kabatini ilirudishwa humo kwa zamu. Msimamizi wa dada, profesa aliyekula chumvi nyingi ambaye wanafunzi walimwita Mzee Nyasi, aliwahi kumtoa mbio msichana wa watu aliyeingia na shada la maua ya siku yake ya kuzaliwa. Alimfukuza hadi kwenye ngazi. "Nje! Nje na wadudu wako!" Msichana akalia, Mzee Nyasi akamfuata kumwomba radhi, lakini maua hayakuingia.

Halafu serikali ikakata bajeti ya vyuo.

Ningewaheshimu kama wangesema tumeishiwa, tusaidiane. Hapana. Wao walisema tunakua. Bango likatundikwa getini, kubwa kuliko geti lenyewe: TUNAPANUA MASOMO YA JUU. Wakafungua shahada za uzamili za jioni, za wikiendi, za uongozi, za uongozi wa uongozi, sijui. Watu wakamiminika na ada zao. Mhadhiri mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniambia amepewa wanafunzi wa kusimamia wengi kiasi kwamba wengine anawatambua kwa picha ya simu tu, na wakikutana naye kwenye korido wanamwuliza ofisi yake iko wapi, bila kujua ndiye. Na mimi? Mimi nilikuwa nacheka hadi jino la mwisho. Majoho meusi yalinijaa dukani hadi nikanunua cherehani nyingine. Nakula kutokana na upanuzi huo, sikatai.

Mkurugenzi wa Masomo ya Juu alikuwa mama mmoja nadhifu, mwenye sauti ya upole, waliyembandika jina Mama Sera, maana kila ulichomwuliza alikujibu, "Sera mpya inasema." Sera mpya ilisema idara zenye wanafunzi wachache hazitapokea tena watu wa udaktari. Ilisema wazee waliostaafu hawataongezewa mkataba, na Mzee Nyasi akaambiwa arudishe funguo. Na ilisema kila mwanafunzi wa udaktari aliyezidisha muda atetee tasnifu kabla ya mwaka wa masomo kwisha, la sivyo usajili wake unafutwa, bila rufaa. Dada alikuwa amezidisha. Nani asingezidisha, na vipindi vya sekondari, na mama aliyeugua mikononi mwake hadi akafa?

"Usijali," aliniambia. "Nimeshamaliza kuandika. Kutetea tu."

Lakini sera mpya ilisema pia kwamba chumba cha mimea mikavu kinafaa kuwa ukumbi wa mihadhara wa wanafunzi wa wikiendi. Wakaja wapagazi, wakabeba kabati zote wakazipeleka kwenye ghala la nyuma ya kantini, ghala lililokuwa la kuhifadhia maharage na unga. Friza wakaizima, wakaiacha kwenye korido. Umeme ghali.

Dada alikwenda kwa Mama Sera mwenyewe. Alimweleza pole pole, jinsi anavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza, kwamba ghala la chakula lina wadudu, na wadudu wale wale wanaokula unga wanakula mimea mikavu. Akamwomba friza iwashwe tu, hata huko huko ghalani. Mama Sera akamsikiliza hadi mwisho, akampa na maji ya kunywa, kisha akasema, "Dada yangu, nakuelewa. Lakini friza hailipi ada."

Dada aliporudi kunisimulia nilipandwa na hamaki nikapiga meza kwa mkasi. "Ziibe!" nikamwambia. "Ingia usiombe, chukua nyasi zako, zilale kwenye friza ya mke wangu na samaki!"

"Haziibwi, mdogo wangu. Sampuli ikishatoka kwenye chumba bila ruhusa si ushahidi tena. Ni nyasi tu, kama ulivyosema wewe."

"Basi omba ruhusa."

"Nimeomba. Ghala limefungwa, funguo ziko ofisini. Wamesema litafunguliwa siku ya utetezi, mtahini akitaka kuona."

Ndivyo walivyo hawa waliosoma kwa moyo. Mtu anaona nyumba yake inaungua na bado anasubiri kupewa kibali cha kuingia na ndoo. Nilimwambia hivyo, akaniuliza na mimi mbona sikati jekundu mapema.

Tarehe ikatoka. Mtahini wa nje alikuwa ameshasoma tasnifu, akaandika kwamba ni kazi ya hali ya juu, ana maswali machache na angependa kuiona nyasi yenyewe. Dada alikuja dukani na habari hiyo, uso unang'aa, mrefu vile, na mabega yake mapana aliyorithi kwa baba, akasimama katikati ya majoho meusi ya watu wa wikiendi, akasema, "Pima."

"Dada, mwiko."

"Marehemu fundi hakuwa na dada anayetetea wiki ijayo. Pima, wewe mtoto."

Kitambaa cha jekundu hakipatikani ovyo. Nilikuwa nacho cha joho moja tu, nilichomwekea yeye tangu siku aliyoniambia nyasi, kimefungwa kwenye mfuko juu ya rafu. Nikakishusha. Nikampima. Nikapitisha mkasi. Dada akatoa mkobani kipande cha aproni ya mama, ile ya kufulia mashuka ya hospitali, imepauka hadi rangi yake haijulikani, nikakishonea ndani ya bitana upande wa moyo. Alilivaa. Akajitazama kwenye kioo. Akapapasa pale kifuani kwa ndani, akahakikisha kipo.

Siku ya utetezi nilifunga duka. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, kuta tupu. Mzee Nyasi alikuja ingawa hakuwa tena mtu wa chuo, amevaa koti lake la zamani, wakamkalisha nyuma pamoja na mimi kama mjomba wa bibi harusi. Dada alisimama akaongea. Jamani, sikuelewa hata nusu, lakini alikuwa anapendeza kumsikiliza. Maswali yalikuja, akayajibu yote, lingine akalijibu kwa mzaha hadi meza nzima ikacheka. Mzee Nyasi alinifinya paja kwa furaha. Mtahini wa nje, bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, akafunga kitabu chake akasema, "Nimeridhika kabisa. Tukaione nyasi yako, tumalize."

Tukaenda ghalani wote. Mama Sera akafungua mwenyewe. Harufu ilikuwa ya maharage ya zamani na unyevu. Dada akaijua kabati yake, akavuta droo, akatoa folda ya gazeti akaiweka juu ya boksi, akaifungua.

Ndani mlikuwa na unga.

Sisemi kwa kufananisha. Unga wa kahawia, laini, kama ule unaobaki chini ya gunia lililobunguliwa, na vidudu vidogo vyekundu vinatembea humo bila wasiwasi wowote. Kikaratasi kilikuwepo, na jina lake, na mahali, na mwaka. Nyasi hakuna. Dada akafungua ya pili. Akafungua nyingine. Zote alizifungua, moja moja, kwa ncha za vidole vile vile, na kila alipofunua alisogea kidogo pembeni ili mtahini aone. Hakuna aliyemwambia aache. Mzee Nyasi alitoka nje, na nikamsikia anakohoa, na hakikuwa kikohozi.

"Picha ninazo," dada akasema.

Mtahini akavua miwani. "Picha haitoshi kwa mmea mpya, na wewe unajua." Alisema kwa huruma, sitamsingizia. "Nenda ukachume nyingine. Mvua zijazo utazipata. Mimi nitakusubiri, hata usinilipe nauli."

Sote tukamgeukia Mama Sera. Akashusha macho, akatengeneza kola yake. "Sera mpya inasema mwaka wa masomo," akasema. "Mvua zijazo ni baada ya mwaka wa masomo."

"Friza mliizima nyinyi!" Sauti ilikuwa yangu. "Nyinyi! Aliwaambia, akawaomba!"

"Kaka, nakuelewa."

"Huelewi! Ungeelewa tusingekuwa hapa tunatazama unga!"

Dada akanishika mkono akanitoa nje, vile vile alivyokuwa akinitoa nikipigana utotoni. Baada ya wiki chache wakamwita ofisini, wakamwambia usajili umefutwa, lakini kwa kuwa chuo kinathamini juhudi zake, kazi yake inaweza kuhesabiwa kuwa shahada ya uzamili. Aliwashukuru. Akawaambia uzamili anao, na kwamba hana mahali pa kuweka joho jeusi la pili.

Hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alirudi kufundisha sekondari, akasahihisha mitihani, akaja Jumapili kula kwetu. Mke wangu aliacha kumwita Dokta wa Mbuzi, na ukimya huo ukawa mbaya kuliko utani. Joho jekundu nililiacha limening'inia nyuma ya pazia. Kulitoa sikuweza, kulitazama sikuweza.

Mahafali yalipokaribia, oda ikaja, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Meusi, meusi, meusi. Na chini kabisa, jekundu moja. Katibu wa Mama Sera alinieleza kwamba kuna mfanyabiashara atakayejenga jengo jipya la masomo ya juu, na chuo kimeamua kumtunuku udaktari wa heshima. Joho linahitajika wiki hiyo hiyo.

"Kitambaa chekundu hakuna," nikamwambia. "Labda mwezi ujao."

Feni ikapuliza pazia. Akaliona. "Na lile?"

"Lile lina mwenyewe."

"Nani?"

Nikamwambia atoke dukani kwangu. Nilimwambia na mengine ambayo sitayarudia.

Dada alizipata habari, sijui kwa nani. Akaja baada ya vipindi, bado na koti lake jeupe la maabara ya shule, akavuta kiti. "Wape," akasema.

"Heri nilichome moto."

"Ukiwanyima, oda yote wanaipeleka kwa mwingine. Una watoto wanaosoma. Tena hivi unadhani mimi napenda kulijua liko nyuma ya pazia hapo, linanisubiri?" Akalitoa mwenyewe, akalilaza mapajani, akachukua kifumulio. "Fundi wako alisema kweli kuhusu kioo. Lete mkasi mdogo."

Alifumua bitana kwa mkono wake. Kipande cha aproni ya mama akakitoa, akakipulizia nyuzi, akakiweka mfukoni mwa koti.

Yule mfadhili alikuja kupimwa. Nilitaka awe mtu wa kuchukiwa, nikakosa. Mzee mfupi, mkavu, mpole, anacheka mwenyewe. "Fundi, mimi shule niliishia njiani, leo mnaniita daktari! Mke wangu ameniambia nisithubutu kumwandikia dawa." Alisimama ndani ya joho la dada kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Ikabidi nipunguze pande zote, nikate chini. Akapapasa mshono. "Kazi nzuri. Ulilikata kwa ajili ya nani?"

"Mwalimu mmoja," nikasema.

"Mpe hongera zangu."

Nikamwambia nitampa.

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Dada hakuwa na kipindi, akaja kunisaidia. Foleni ya watu wa uzamili ilianzia mlangoni hadi barabarani: huyu kifungo, huyu kola, huyu anataka kulegezewa. Alikuwa anakata nyuzi kwa meno na kuwatania. Vipaza sauti vya uwanjani vilisikika hadi dukani, majina yanasomwa, makofi. Foleni ilipopungua kidogo akanipa koti lake jeupe na kile kipande cha aproni. "Nishonee humu. Ndani, upande ule ule."

Nikakaa kwenye cherehani ya zamani, ile ya marehemu fundi, ya kukanyaga kwa mguu. Nilikuwa namaliza pindo la mwisho sauti iliposema uwanjani kwamba sasa anatunukiwa shahada ya udaktari, na ikataja jina la yule mzee, na makofi yakapigwa yakawa hayaishi. Nikakata uzi. Nikampa koti lake.

Dada akalivaa. Akapapasa kwa ndani. "Joho lilimkaaje?" akauliza.

"Mabegani limempwaya," nikasema. "Nimepunguza mpaka nikachoka, bado linampwaya."

Akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha Dokta wa Mbuzi, nami nikaanza kucheka naye. Kisha akaegemea juu ya rundo la majoho meusi, akaficha uso, na mabega yale ya baba yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka ambayo sikuisikia hata siku tuliyomzika mama.

Watu kwenye foleni wakaanza kuchungulia. Nikavuta pazia. Nikarudi kwenye cherehani, nikaweka mguu, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, bila uzi, bila kitambaa, ili wasimsikie.